Nilimtoa Mwanangu Shule Ili Aweze Kuongea, Sasa Wanamtaka Arudi

Nifichieni jina, na kijiji msikitaje, maana huku Lushoto milima ni mingi lakini watu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 37, nimeolewa, nina watoto watatu, na mimi na mume wangu tunalima kabichi na karoti. Kabla hamjaanza kunitukana kwenye komenti, jueni nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Mtoto wangu wa pili, nimwite Zaina, ana miaka kumi na tatu na ana kigugumizi tangu alipoanza kuongea. Si kile cha kukwama kidogo ukaendelea. Neno linamkaba, shingo inakaza, machozi yanamlenga. Na mnajua huku kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa anavyochukuliwa. Ukipishana na mzee njiani hujasema shikamoo, habari inafika nyumbani kabla yako. Zaina alikuwa bado yuko kwenye "shi", mzee ameshapita, anageuka na kuuliza huyu mtoto kafunzwa na nani. Nilikuwa naletewa maneno hayo mpaka shambani, na nilikuwa naona aibu.

Basi nikapata akili, na niliiona ni akili kweli. Nikamwambia dada yake, Rehema, kwamba wakiongozana kwenda shule aseme shikamoo ya wote wawili, Zaina apige goti tu. Wazee wakaridhika. Ila watoto waliokuwa wanatembea nao wakajifunza. Kwanza walimsemea shikamoo, baadaye wakawa wanamsemea kila kitu. Akinyoosha kidole darasani, wanamjibia huku wanamwiga anavyokaza shingo. Akiomba ruhusa ya kwenda chooni, wanamwombea kwa kuimba. Siku moja wakaamua kunyamaza wote, wakamwangalia tu akihangaika mbele ya mwalimu, mpaka akajikojolea. Alikuwa darasa la tano.

Hapo nikamtoa. Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, kijiji cha jirani, anafundisha nyumbani kwake watoto walioonewa mpaka wakaikataa shule. Wako saba, Zaina akiwemo. Mmoja aliungua uso, mwingine baba yake yuko jela na wenzake walikuwa hawaachi kumkumbusha. Pale kuna sheria moja, hakuna kummalizia mwenzio neno, hata akichukua nusu saa. Baada ya miezi minne hivi nilienda kumchukua, nikasikia kwa nje mtu anasoma hadithi kwa sauti. Anakwama, anaendelea, anakwama tena, anaendelea. Ni mwanangu. Sikuingia, nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka akamaliza, kisha nikajifuta nikabisha hodi.

Ningetamani kisa kiishie hapo jamani. Mwaka huu anatakiwa kufanya mtihani wa darasa la saba, na darasa la yule mama halijasajiliwa popote. Ni sebule yenye benchi mbili na ubao. Mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani kaniambia jina la Zaina bado lipo, lakini lazima arudi ahudhurie, la sivyo ataandikwa mtoro na mimi niitwe kwa mtendaji wa kijiji. Shule za kulipia tumeulizia, hatuziwezi. Yule mwalimu mstaafu nilipomlilia hakunificha. Alisema, "Kumfundisha naweza, mama. Cheti siwezi kumpa."

Mume wangu yeye anataka arudi. Si mtu mbaya, msimfikirie vibaya. Anasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba tukimwacha bila hata cheti cha la saba, tunamfunga kwenye jembe maisha yake yote. Nikimjibu kwamba wale watoto watammaliza, ananiuliza, "Mama Rehema, ukubwani atakaa na nani? Utamtafutia na soko la peke yake?" Na hapo anasema kweli.

Wiki iliyopita tukajaribu siku moja. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akaingia darasani mwenyewe, akawaambia mwenzenu ana tatizo la kuongea, msimcheke, msaidieni. Nikasimama dirishani. Mwalimu wa darasa akaanza kuita mahudhurio. Alipofika kwa Zaina, mwanangu akasimama, akafungua mdomo, na darasa zima likaitikia, "Nipo!" Kuna waliocheka. Lakini niliwaona wengine hawakucheka kabisa, walikuwa wanamsaidia kweli, kama nilivyomfundisha dada yake. Hao ndio walioniumiza zaidi. Zaina alikaa chini taratibu akaangalia daftari.

Tangu siku ile akawa haongei nyumbani. Kwa yule mwalimu mstaafu pia anakaa kimya, ikifika zamu yake ya kusoma anampa mwenzake kitabu. Kwa hiyo hata kule nilikokuwa nakimbilia nimepaharibu kwa siku moja.

Jana tulikuwa wawili mtoni tunaosha karoti. Nikamwambia ukweli wote, mtihani, cheti, mtendaji, baba yake. Nikamwambia achague yeye, mimi nitasimama naye. Alikaa muda mrefu, nikajua neno linamkaba, nikaung'ata ulimi wangu nisimsaidie. Mwishowe likatoka.

"Nitarudi, mama. Ila nikirudi, sitaongea tena."

Hakuwa analia. Alisema kama mtu aliyeshapiga hesabu zake, akainama akaendelea kuosha karoti. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea.

Mwalimu mkuu anataka jibu Jumatatu. Mume wangu nimemwambia Zaina amekubali kurudi, akafurahi, na ile nusu nyingine ya maneno sijamwambia. Wazazi wenzangu, na walimu mlioko humu, naombeni ushauri. Nimpeleke akapate cheti, au nimwachie sauti yake? Nifanye nini?