Wakili Wangu Anakula na Anayenishtaki

Mhariri, jina langu lifiche, na la mtaa wangu pia. Barua hii imevuka mpaka mfukoni mwa dereva wa lori ili itiwe posta Kenya, kwa maana huku siku hizi mtu anapotea kwa neno moja.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Mkenya, mjane mwenye watoto watatu. Naishi Jinja, nashona nguo. Wahindi walipofukuzwa, duka moja la cherehani mjini Mbale alipewa mtu ambaye hajawahi hata kutunga uzi kwenye sindano. Ni wale waliotajirika ghafla kwa kugawiwa mali ya Wahindi, tunaowaita mafuta mingi. Nilichukua kwake cherehani nne kwa mkopo, nikawa nalipa kidogo kidogo mpaka nikamaliza. Kosa langu ni risiti. Kila nilipomwomba alinitolea macho: "Kwani wewe naona mimi mwizi?" Na mtu anayekunywa pombe na wanajeshi humwombi mara ya pili.

Sasa amenishtaki mahakamani huko Mbale kwamba sijalipa hata senti. Nikishindwa, cherehani zote zinachukuliwa, na hizo ndizo zinazotulisha.

Nikatafuta wakili. Wengi wameikimbia nchi, waliobaki wanaogopa hata kivuli chao. Kanisani wakanielekeza kwa mzee mmoja hapa Jinja, msomaji wa masomo ya Jumapili, mwenye sauti ya upole kama anabembeleza mtoto. Hakutaka pesa, maana pesa haina cha kununua. Alitaka sukari na sabuni. Nikahangaika nazo kwa magendo, nikampelekea. Alifungua kipande cha sabuni mbele yangu, akakinusa huku amefumba macho. Moyo wangu ulikataa siku ileile, nikaunyamazisha.

"Nyabo, mama yangu, wewe hapana ogopa," akaniambia. "Kuna mtu aliona wewe nalipa?"

Nikamtajia Barasa (si jina lake), dereva wa kwetu Kenya aliyenipeleka Mbale siku ya malipo ya mwisho na kusimama mlangoni akitazama. Jina lile sikumwambia mtu mwingine yeyote, hata dada yangu. Wiki haijaisha, Barasa akavutwa ndani ya gari na watu wenye miwani myeusi. Alirudi hai, namshukuru Mungu, lakini meno ya mbele hana. Alisimama nje ya duka langu, akakataa kuingia.

"Dada, mimi sikuona kitu. Na usinitafute tena."

Nikajidanganya kwamba ni bahati mbaya tu. Nikapanda basi kwenda Mbale kuulizia siku ya kesi, njaa ikaniingiza katika hoteli moja karibu na soko. Wakili wangu huyo hapo! Amekaa na mafuta mingi, wanakula malewa, yale machipukizi ya mianzi, sahani moja, wanacheka, mchuzi wa karanga unamchuruzika vidoleni na yeye anavilamba kimoja kimoja. Aliponiona hakushtuka. Akanivutia kiti.

"Karibu, nyabo. Tunatengeneza maneno yako."

Nilitapika nje ya hoteli ile, na tumboni sikuwa na kitu. Hadi leo karanga siziingizi nyumbani mwangu. Mtu amekula sukari ya watoto wangu, ameuza meno ya mwenzake, kisha ananikaribisha tule pamoja! Na Jumapili iliyofuata alisimama mbele yetu akasoma Injili, sauti ileile.

Karani mmoja wa mahakama ameninong'oneza kwamba naweza kujitetea mwenyewe bila wakili, eti hakimu wa kesi hii bado anasikiliza watu. Lakini nisimame na nini? Risiti sina, shahidi sina.

Njia nyingine ni ile wanayoitumia wengi hapa. Kuna sajini anayekaa kambi ya jeshi ya Kimaka, mkewe namshonea. Habari zangu amezipata kwa mkewe, akaja dukani akaegemea mlango.

"Mama, kesi ya nini? Wewe nipa mimi jina tu. Hiyo mutu hapana sumbua wewe tena."

"Utamfanya nini, afande?"

Akacheka. "Sasa wewe nataka jua ya nini?"

Najichukia kwa kuwa sikumfukuza. Nilimkaribisha chai. Nimemchukia yule wakili hata nimeanza kunuka kama yeye.

Sajini atarudi gauni la mkewe likiwa tayari. Limebaki vifungo tu, na kila mara natuma kusema vifungo havipatikani mjini, jambo ambalo hakuna asiyeliamini. Sitaweza kusingizia hivyo daima. Wasomaji wenzangu, nielekezeni upesi: niende Mbale peke yangu mikono mitupu, au nifungue mdomo? Maana yeye anataka jina moja, na mimi, Mungu anisamehe, ninayo mawili.