Watoro wa Nyumba Yetu

Baba alipomfuata mama kaburini, tulibaki watatu: mimi darasa la sita, mdogo wangu wa kiume la tatu, na wa mwisho ndiyo kwanza ameandikishwa la kwanza. Miaka hiyo ya tisini, huku kwetu Ugalla, mgambo walipita na baiskeli wakisaka watoro. Sheria ilisema mtoto akishaandikishwa lazima amalize la saba. Asipoonekana darasani, anaitwa mzazi au mlezi. Sisi hatukuonekana tangu matanga.

Ofisini kwa mtendaji wa kata, baba mdogo alikuja na mpango wake: mvulana akachunge ng'ombe za mjomba, wa mwisho aende Mpanda mjini kulea mtoto wa mwenye duka.

"Watasomea huko huko," alisema.

"Mlezi wao ni nani hasa?" mtendaji akauliza.

"Mimi," nikasema.

Watu wakacheka. Nilikuwa nimevaa sare, maana ndiyo nguo pekee iliyokuwa haijachanika.

"Mlezi gani wa sare?" mgambo mmoja akadakia. "Huyu si mtoro naye? Ajikamate basi, ajilete!"

Mtendaji hakucheka. "We binti, hawa nikiwakosa shuleni, nakuita wewe. Utalima saa ngapi, utasoma saa ngapi?"

"Watakuwepo, mzee."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa ameitwa pia, alinitazama, akamwinamia mtendaji. "Huyu tumwache kidogo, mpaka wavune."

Tulivuna. Nikasubiri kufuatwa, nirudishwe darasani. Kila niliposikia baiskeli njiani nilinyoosha mgongo, jembe mkononi. Nilishapanga hata maneno ya kulalamika, ili baba mdogo aone nimepelekwa kwa nguvu, asiseme nimewakimbia wadogo zangu. Kwenda mwenyewe kumuuliza mwalimu, niliogopa. Niliona kama nikifungua mdomo tu, wadogo zangu watagawanywa.

Wote wawili walimaliza la saba. Hilo silijutii hata kidogo. Lakini hesabu za sehemu, tulizokuwa tumezianza wiki ile baba alipolala, sijazijua mpaka leo.

Msimu uliofuata mavuno yale ya kwanza, yule mgambo aliyenicheka alisimama kando ya shamba letu la mahindi. Nikaweka jembe chini.

"Dada mkubwa, watoto wote wako shule?"

Nilimwangalia, nikingoja aendelee. Hakuendelea.

"Wote," nikasema.

"Safi sana." Akapanda baiskeli, akaenda kwa jirani.

Nikaokota jembe.