Nukta Zilizoshikana

Mdogo wangu wa kike, ambaye nyumbani tunamwita Profesa tangu hajaanza shule, anaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu mawe yanayorushwa na volkano inapolipuka. Katika kompyuta yake mlima hulipuka kila asubuhi. Watu ni nukta nyeupe. Nukta ikipigwa na jiwe hugeuka nyekundu. Hesabu zake zilionyesha kuwa anayekimbia akiupa mlima kisogo hufa upesi kuliko anayesimama, akatazama juu, akakwepa.

Mama yetu aliishi chini ya mlima wenyewe, na alikuwa amekataa katakata kuhama.

"Si umesema mtu asimame akwepe?" alimtania. "Basi nitakwepa. Nimewakwepa wachumba wangapi, sembuse jiwe!"

Na hesabu ilikuwa ya Profesa mwenyewe.

Jumamosi moja Profesa na mama walikuwa uani kwake wakianika nguo, mlima ukapasuka bila onyo lolote. Mshindo uliwapiga kifuani, vioo vya madirisha vikamwagika, kisha mawe yakaanza kushuka. La kwanza lilitoboa paa la jiko. La pili lilimponda mbuzi pale pale alipofungwa, damu ikarukia shuka zilizokuwa kambani.

"Tazama juu, mama!"

Mama alitazama. Aliliona jiwe likimjia, akataka kusogea. Goti lake bovu likagoma. Profesa alikuwa amekwisha kuruka pembeni, salama kabisa, kama alivyokuwa akifundisha. Akarudi. Alimkumba mama kwa bega, akambwaga nyuma ya tangi la zege kwa kishindo kilichomvunja mbavu, na jiwe likamkuta yeye mkononi. Mfupa ulichomoza nje ya ngozi.

"Niache, we mtoto! Kimbia!" Mama alimng'ata begani ili amwachie. Hakumwachia.

Hospitalini, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, Profesa aliifumua programu yake. Kila nukta ilikuwa ikijikwepea peke yake, kana kwamba hakuna mtu duniani mwenye mama. Akazifunga baadhi mbilimbili, moja ikiivuta nyingine, akaulipua mlima upya. Skrini ikajaa wekundu.

Aliibeba kompyuta hadi kitandani kwa mama.

"Hizi zilizoshikana ndizo zinazokufa?"

"Ndizo, mama. Zote mbili."

"Na mimi ndiyo ile inayovutwa."

"Ndiyo, mama."

Nilikuwa nimesimama hapo. Mimi ni mkubwa wake, nami nina shahada yangu, lakini sina hakika kama ningeweza kulitamka neno hilo, "ndiyo". Pengine ningetafuta lenye adabu zaidi, naye mama angerudi kule kule chini ya mlima.

Mama akanyoosha kidole, akagusa alama za meno yake begani mwa bintiye.

"Nitafutieni chumba," akasema. "Chenye dirisha lisilotazama huko."