Mkaa wa Arobaini

Theluji yenyewe hatukuiona. Ilianguka milimani upande wa Lesotho, na sisi wa Hillbrow tukaletewa upepo wake tu. Ulitutosha. Umeme ulikatika jengo zima asubuhi ile, mume wangu yuko lindoni, na mimi nina kichanga ambaye kitovu chake ndiyo kwanza kimedondoka.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kunilea uzazi. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufukizwa, hukaa ndani arobaini yake yote, na adui yake mkubwa ni upepo. Baridi ya namna ile Mama alikuwa hajapata kuiona, akaichukulia kama dharau.

"Nimelea wazazi mtaa mzima, hakuna aliyepigwa na baridi mikononi mwangu," alisema. "Sembuse mwanangu wa kumzaa?"

Akashuka, akarudi na mfuko wa mkaa na mbaula, lile debe lenye matundu wanalochomea mahindi barabarani. Aliukoleza ukawa mwekundu, akaiingiza chumbani, akatupia ubani. Chini ya mlango aliziba kwa taulo. Dirisha alilibandika khanga zangu mbili kwa selotepu.

Shuleni binti yangu wa miaka saba alikuwa ameambiwa theluji huenda ikafika mjini, basi kila mara anabandua selotepu achungulie. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Mama alimwonya, akamwonya tena, kisha akamfinya. Nami nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue miguu yangu ilikuwa na joto, na sikutaka mtu aniharibie.

Kichwa kikaanza kuniuma. Mama akasema ni uzazi huo, lala. Binti akaacha kugombania dirisha, akajikunyata miguuni pangu, nikashukuru kupata utulivu. Nilimpa mtoto ziwa, akalishika, akaliachia, mdomo ukabaki wazi. Nilitaka kumwambia Mama, nikaona uvivu. Uvivu ule unanitisha mpaka leo.

Jirani yetu alibisha hodi, fundi cherehani wa Kikongo, anaomba makaa mawili matatu awashie mbaula yake barazani. Mama alipofungua mlango, yule dada hakungoja karibu. Alikatiza chumba, akang'oa khanga na selotepu kwa pamoja, akafungua dirisha mpaka mwisho.

"Una wazimu?" Mama akamwuliza. "Huyu ni mzazi!"

"Mama, hii makala inauaka batu." Alikuwa ameshaibeba mbaula kwa taulo, anaitoa nje. "Kwetu Bukavu kuko baridi sana. Tulishazika batu, mulango ya kufunga, bote balilala tu."

"Kwetu tunaota mkaa tangu enzi za bibi zetu."

Ni kweli. Lakini nyumba yetu ya Tanga ina uwazi kati ya ukuta na paa, mtu huwezi kuifunga hata ukitaka. Mama alifungua mdomo aendelee kugomba, kisha akamtazama mtoto. Akamnyakua kifuani pangu, akampuliza usoni, akamfinya unyayo. Kimya. Akamfinya tena kwa kucha, na mtoto akalia, kilio chembamba cha hasira.

Binti aliamka akatapika. Jirani akatupeleka kliniki sote, tukaambiwa tumewahi.

Mama hakuniomba radhi, wala mimi sikumdai. Siku zilizobaki za arobaini alilala chini ya dirisha lililo wazi, amevaa koti la kazi la mume wangu, mtoto kamfunga kifuani kwa khanga, upepo unampiga yeye mgongoni.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila kipupwe Mama hupiga simu kutoka Tanga, na kabla hata ya salamu huuliza kama dirisha liko wazi. Nikimwambia liko wazi haniamini.

"Mpe simu yule niliyemfinya," husema.

Nampa binti yangu. Nasikia sauti ya Mama ikishuka: "Nisamehe, mjukuu wangu. Umefungua?"

Na huyu mtoto, ambaye mimi nikimsemesha hunijibu kwa Kiingereza mpaka nachoka, husogea dirishani na simu sikioni, akasukuma kioo.

"Nimefungua, Bibi."