Nilivyovuka Dakota Kaskazini kwa Baiskeli Kumtafutia Verlyn Dawa

Ng'ombe alinipita.

Sisemi alinipita mbio. Alikuwa anatembea. Yuko ndani ya ua wake wa waya, anatafuna, hana haraka na maisha. Mimi niko barabarani juu ya baiskeli, nakanyaga pedali kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Na bado alinipita.

Akageuza shingo akaniangalia. Macho ya ng'ombe anayekuonea huruma, omba yasikukute.

Nyuma yangu honi ya pikapu ikalia, halafu sauti ikafuata.

"Del! Mpishe mwenye mwendo wake!"

Huyo ni Verlyn Tande, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Mgonjwa wa saratani. Ndiye niliyekuwa nateseka kwa ajili yake.

Shukrani ndiyo hiyo.

Ngoja niwape mkasa mzima.

Naitwa Delbert Vetter, watu wananiita Del. Nafanya kazi kwenye ghala la nafaka, mji mdogo kaskazini mwa Bismarck, makao makuu ya jimbo. Hamsini nilishaiaga. Tumbo langu huwa linafika mahali kabla yangu, linasalimia watu, ndipo mimi naingia.

Verlyn ni fundi wa mashine za kuvunia ngano. Mrefu, mkavu kama mlingoti, mdomo mchafu. Mkewe alishamkimbia zamani, kwa hiyo anaishi na dada yake LaVonne, mwalimu mstaafu. LaVonne ni yule mwanamke ambaye akipita, hata mbwa wa jirani anakaa vizuri.

Novemba wakamkuta Verlyn na saratani ya utumbo, imeshapanda mpaka kwenye ini. Wakampasua. Wakamtia dawa za mishipani. Nywele zikaenda, kilo zikaenda, nguvu zikaenda. Kilichobaki palepale ni mdomo.

Mwezi wa tano daktari akasema kuna dawa mpya inayoweza kumsogeza mbele. Ila bei yake ndiyo kasheshe.

Bima ikaombwa. Bima ikatafakari. Bima ikajibu kwa lugha ya adabu sana kwamba haiwezekani.

Si unaijua bima? Unailisha miaka yote kama ndama, siku unataka maziwa inakwambia yenyewe ni dume.

Basi tukakaa pale sheli tunapokunywa kahawa kila asubuhi. Mmoja anasema tupike chakula kanisani tuuze. Mwingine anasema tuchezeshe bingo. Mimi nikasikia mdomo wangu unasema:

"Nitavuka jimbo zima kwa baiskeli. Kutoka mpaka wa Montana mpaka Fargo."

Vikombe vyote vikarudi mezani.

Sikuwa nimekunywa kitu, naapa. Kahawa tupu, tena bila sukari.

Verlyn akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka LaVonne akampiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema, "Sawa. Fungueni michango miwili. Mmoja wa dawa yangu, mwingine wa jeneza lake."

Hapo ndipo aliponimaliza. Mwanaume akishachekwa mbele ya kahawa yake, kurudi nyuma ni mwiko.

Mchungaji wetu akaniazima baiskeli yake. LaVonne akafungua ukurasa wa michango mtandaoni, akaandika vizuri kabisa nani mgonjwa na nani punguani. Mimi nikanyoa kichwa kipara ili kumuunga mkono mwenzangu.

Verlyn akaniangalia. "Mimi nimepoteza nywele kwa ajili ya kuishi. Wewe umezipoteza ukaonekana yai."

Binamu yangu Arlo, mwenye mashamba ambayo mwisho wake huuoni, akaahidi atachangia "akiona nimefika kweli." Moyo wa dhahabu, huyo.

Mwezi wa saba tukaanza, kule mji wa Beach, mpakani. Nimevaa ile kaptula ya kubana yenye sponji makalioni. Nyuma yangu pikapu: LaVonne kwenye usukani, Verlyn kando yake na blanketi mapajani, dirisha wazi ili mdomo upate pa kutokea.

Sasa kuna kitu kinaitwa upepo wa Dakota.

Huku kwetu upepo hutoka magharibi. Babu yangu aliukuta unatoka magharibi. Miti yote imeinamia mashariki. Ndiyo maana mipango yangu yote ilikuwa hiyo: nianzie magharibi, upepo unisukume mgongoni, nifike Fargo napiga mluzi.

Wiki yangu mimi, upepo ukabadili dini.

Ulikuja usoni kutoka mashariki, asubuhi mpaka jioni, bila hata kwenda msalani. Nikiacha kukanyaga pedali sisimami tu, narudi nyuma. Ndipo yule ng'ombe akanipita.

"LaVonne," nikamsikia Verlyn, "hebu muulize kama anaenda Fargo au anarudi Montana."

"Mwache, Verlyn."

"Namwacha vipi na hata hajaondoka?"

Makalio sitaki kuyaongelea. Niseme tu kwamba kuna muuza duka mmoja pale mji wa Dickinson aliyenieleza, kwa upole, kwamba ile kaptula haivaliwi na chupi ndani. Siku mbili nilikuwa najikwangua kama karoti. Verlyn alipoambiwa, alicheka hadi akaomba ndoo.

Na michango? Ilikuwa inadondoka kama bomba bovu. Shangazi huyu, jirani yule. LaVonne alikuwa anaangalia simu, anaizima, anaanza kufuta kioo cha gari ambacho tayari ni kisafi. Ukimuona mwalimu yule anafuta kioo kisafi, ujue kumeumana.

Siku ya nne tukawa tumevuka Bismarck, tunaelekea Steele. Barabara imenyooka kama rula, alizeti kushoto, alizeti kulia, zote zinanitazama. Upepo ndio kwanza umeamka.

Nikaishiwa.

Sikuanguka kishujaa. Nilisimama, nikailaza baiskeli, nikaenda kwenye majani ya kando ya barabara, nikalala chali. Nikavua helmeti. Nikasema moyoni, basi, dunia hii nimeishi.

Mlango wa pikapu ukafunguliwa. Kivuli kirefu chembamba kikasimama juu yangu.

"Umekufa?"

"Karibu."

"Usithubutu kunitangulia. Mimi ndiye niliye kwenye foleni."

Sikucheka. "Verlyn, siwezi. Nisamehe, ndugu yangu. Siwezi tena."

Nilitegemea tusi. Hakutukana. Akakaa kwenye majani kando yangu, taratibu kama mzee, akatazama barabara.

"Unajua tangu Novemba nimefanya nini?" akasema. "Nimelala. Nimebebwa. Nimefunikwa blanketi mwezi wa saba. Nipe hiyo helmeti."

"Ya nini?"

"Nipe."

LaVonne akashuka mbio. "Verlyn Tande, panda gari! Wiki iliyopita tu umetoka kwenye dawa! Hujala tangu jana!"

"Dada, nikifia kwenye baiskeli watu watanisifu. Nikifia kwenye kochi watasema alikuwa anaangalia nini kwenye televisheni."

Akavaa helmeti. Akavaa na miwani yangu ya upepo. Akapanda.

Jamani.

Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia. Nikaruka kutoka kwenye majani, nikaidaka siti kwa nyuma, kama mzazi anavyomfundisha mtoto. Verlyn akakanyaga pedali. Ikasogea. Akakanyaga tena.

Na upepo ule ule ulionifanya nipitwe na ng'ombe ulimfanya aende kwa mwendo ambao mnene kama mimi anaweza kukimbia nyuma yake.

Nikakimbia. Mkono kwenye siti, kipara kinawaka jua, uso mwekundu kama nyanya, mdomo wazi. Machozi yananitoka. Nilimwambia LaVonne baadaye kuwa ni upepo. Haukuwa upepo.

Mbele yangu mgongo wa Verlyn. Mifupa ya mabega inaonekana kwenye shati. Na yeye anapiga kelele: "Sukuma, mnene! Sukuma! Unaniangusha!"

Akaenda mpaka tukaliona ghala la Steele kwa mbali. Akashuka, akatapika pembeni, akajifuta mdomo kwa mkono.

"Umeona?" akasema. "Mbona rahisi?"

Utafanyaje na mtu kama huyo? Nikapanda baiskeli. Sikulala tena kwenye majani mpaka mwisho.

Kumbe LaVonne, alipotutangulia na pikapu, alikuwa ameiegesha simu kwenye dirisha la nyuma, ikarekodi yote. Akaiweka ile video kwenye ukurasa, maneno machache tu: "Marafiki wawili, njiani kwenda Fargo."

Kesho yake tukaingia mkahawani Jamestown. Mhudumu, mama wa makamo, akaniona, akaweka birika la kahawa chini. Akanishika mkono. Macho yamemjaa maji.

"Leo hulipi kitu hapa, mpendwa wangu. Kula chochote ambacho tumbo litakubali."

Nikafurahi. Nikaagiza supu, nyama, viazi, na vipande viwili vya pai. Mama akazidi kulia. "Ana hamu ya kula! Asante Mungu!"

Halafu akamgeukia Verlyn, akampiga bega kibabe. "Na wewe, kazi nzuri, bingwa. Miguu ya chuma."

Verlyn akakohoa kidogo. "Tunajitahidi, mama."

Nikadhani ni masihara yao.

Mji unaofuata, bibi mmoja akanitupia shali ya kufuma shingoni, joto limepanda mpaka lami inanata, akaniambia kila fundo limefumwa na sala. Mbele kidogo, polisi wa barabarani akasimamisha gari, akanipigia saluti. Wakati huo huo LaVonne simu haimkauki mkononi, michango inamiminika kutoka majimbo ambayo hatujawahi kukanyaga.

"Del," akaniambia, "sielewi. Ila usisimame."

Sikusimama.

Fargo tulikuta watu wamejaa kwenye bustani pale mwisho. Kengele, mabango, watoto. Nikavuka utepe, miguu haipo tena, nikadakwa na mwanamke nisiyemjua. Akanikumbatia, akanililia begani, akaninong'oneza sikioni:

"Usiogope kufa. Umeshashinda."

Nikasema, "Samahani, mama?"

Nikainua macho. Bango la kwanza: PIGANA, DEL. La pili: MUNGU AMPONYE DEL. La tatu lilikuwa na picha kutoka kwenye ile video. Verlyn ameinama juu ya usukani, helmeti, miwani, mwembamba kama wale wa kwenye mashindano makubwa. Na mimi nyuma yake, kipara, nimevimba, nalia, ulimi nje, nimeshikilia siti kama mtu anayeiaga dunia.

Ikanidondokea yote kwa mkupuo.

Dunia nzima ilidhani mgonjwa ni mimi.

Maelezo ya LaVonne yako pale pale juu ya ukurasa, yana jina, yana ugonjwa, yana kila kitu. Nani anasoma? Watu waliangalia picha, wakamsikia LaVonne kwenye video akisema, "Jikaze, Del!", wakalia, wakatuma. Baadaye nilipitia maoni. Mmoja ameuliza mbona mgonjwa mnene hivyo. Kumi wamemrukia: "Huna utu wewe! Huo ni uvimbe wa dawa!"

Miaka yote ya nyama na viazi. Uvimbe wa dawa.

Mtu akanipa kipaza sauti. Nikakishika, nimeshafungua mdomo niseme ukweli. Mkono wa mifupa ukanibana kiwiko.

"Usithubutu," Verlyn akaninong'oneza.

"Wanadhani mimi ndiye..."

"Najua wanachodhani. Nimejua tangu Jamestown." Sauti yake ikapungua. "Del, sikiliza. Tangu Novemba kila anayeniangalia ananiaga. Daktari, mchungaji, dada yangu. Hata wewe. Hawa ndio watu wa kwanza wanaoniangalia kama mwanaume. Nipe leo tu. Kesho mwambie umtakaye."

Nikamwangalia. Kuna kijana alikuwa anamwomba ushauri wa kufanya mazoezi ya miguu. Wazee wanampa mikono. Amesimama wima, helmeti bado kichwani, kifua mbele, na chini ya lile shati nilijua kipo kile kifaa cha kutilia dawa walichomshonea kifuani.

Nikasema kwenye kipaza sauti: "Asanteni sana, kwa niaba ya mgonjwa." Uongo haukuwemo.

Kisha nikakaa kwenye kiti walichoniletea, nikakubali kufunikwa blanketi, jua la mwezi wa saba. Mtu akanilisha barafu kwa kijiko. Verlyn akaja, akanipapasa kipara mbele ya umati, akasema kwa sauti ya huruma, "Atakuwa sawa. Ni mpambanaji."

Nikamkanyaga mguu.

Wiki iliyofuata LaVonne akaandika ufafanuzi, herufi kubwa, picha mbili, mishale miwili. Wengi walicheka, wengine wakaongeza mchango. Aliyelalamika kuwa ametapeliwa ni mmoja tu. Binamu Arlo. Na alikuwa bado hajatoa.

Dawa ilipatikana. Haikumponya Verlyn, sitawadanganya. Ilimpa majira mawili ya joto na Krismasi moja aliyoila yote. Alinunua baiskeli yake, akawa anakuja nayo sheli asubuhi, polepole, huku anawatukana wenye magari. Akafariki mwezi wa tatu, nyumbani kwake, LaVonne kando ya kitanda upande mmoja, mimi upande wa pili, tunabishana naye kuhusu mechi ya mpira wa magongo.

Nimeandika haya kwa sababu wiki hii nimeona watu wanamtembelea mgonjwa hapa mtaani kwetu. Wanaingia kwa kunyata, wananong'ona, wanamtazama kama tayari wameshachagua nyimbo za mazishi. Nami nilikuwa hivyo, na nilidhani huo ndio upendo.

Jamani, mgonjwa ana kioo chake. Anajua anavyoonekana. Ukienda kumuona, kaa chini, kula chakula chake, mbishie, msikilize akikutukana na umrudishie. Huruma yako ipeleke nje, kaifungue kwenye gari, ulie mpaka umalize.

Halafu rudi ndani umuulize nani kafunga bao.