Sulisuli Niliyemtangaza

Mpaka leo mtu akitaja sulisuli natazama chini, na watu wa Pangani wanajua kwa nini, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwao ikiwa imetiwa chumvi (ingawa haihitaji).

Siku hiyo nilipanda boti ya watalii wanaovua kwa kujifurahisha, nimkalimanie mzee mmoja wa Kizungu, maana nahodha, Mzee Bakari, Kiingereza hana, na mimi digrii ninayo, kazi ndiyo sina. Asubuhi mgeni alinipa karatasi ya masharti yake, nikaikunja nikaitia mfukoni kwa sababu nilikuwa katikati ya kubishana na nahodha. Saa nne sulisuli akanasa, akaruka juu ya maji, mrefu kuliko mimi, nami nikatoa simu.

"We msomi," nahodha akasema, "humu samaki hatangazwi mpaka alale botini."

"Kwa nini, ana masikio?"

Akageukia usukani wake. Nikampigia Shangazi Zuhura, ambaye mchana huo alikuwa anapokea watu wa Ngamiani wanaoleta posa ya binti yake. Nikamwambia kuku asichinje, akune nazi tu, samaki naleta mimi.

"Una hakika, mwanangu?"

"Shangazi, namwona kwa macho yangu!"

Baada ya karibu saa nzima ya kuvutana, mgeni alimfikisha samaki ubavuni mwa boti, akapigwa naye picha, akamtoa ndoana taratibu, akamwachia aende zake. Nilipiga yowe. Nikamweleza habari za posa na wageni na nazi, naye akacheka akidhani namtania, akaniuliza kama nilisoma ile karatasi. Mstari wa kwanza kabisa: kila sulisuli atarudishwa majini.

Nikampigia shangazi mara sita, hakupokea (mtu anayekuna nazi anapokeaje simu?). Nilipofika nyumbani kwake wageni walikuwa wameshanawa mikono.

"Shikamooni."

"Marahaba," akaitikia bibi mmoja wa Ngamiani. "Samaki yuko wapi, baba?"

"Yuko baharini, bibi."

"Ala! Na sisi tulipokuwa tunamsubiri, alikuwa wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakala wali wa nazi na mchicha, tena siku ya posa ya watu.

Laiti shangazi angenifokea. Aliwaambia, "Nisameheni jamani, nimezembea mwenyewe," machicha ya nazi bado yamemganda vidoleni, na mimi, bingwa wa kuuliza na kubisha, nikainamia sahani yangu nikamwacha aibebe aibu yangu peke yake.

Posa ilikubaliwa, harusi ni mwezi ujao. Nimeapa nitamwendea yule bibi mbele ya wale wale waliocheka, nimwambie aliyezembea siku ile hakuwa shangazi. Shangazi mwenyewe sijamwambia kwamba nitafanya hivyo. Nikimpigia siku hizi, kabla hata ya salamu huniuliza, "Samaki umeshamshika mkononi?"