Tulifagia Kabla Wageni Hawajafika

Mpaka leo nikimwona mtu na fomu mkononi anakagua nyumba ya mwenzake, damu inanichemka. Na mimi si mtu wa hasira. Pale Bukoba ninaposhona sare za shule wananitania kwamba hata sindano ikinichoma nacheka. Niliishia kidato cha pili. Madaftari yangu yalijaa maghorofa niliyoyachora kuliko masomo, na lile nililomchorea bibi lilikuwa na roshani ya kuanikia kahawa.

Tetemeko lilipopita, ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi kule Buganguzi ulilala wote kwenye migomba. Chumba chake kikabaki wazi, kitanda kinaangalia kibanja, shamba letu la migomba na mibuni. Tukaziba kwa turubai. Kisha mwenyekiti wa kitongoji akapita akitangaza kwamba Alhamisi watakuja wageni wa shirika, wanatafuta nyumba za kujenga upya. Nilitoka mjini naimba njia nzima.

Bibi alisikia neno moja tu: wageni.

"Wageni hawapokelewi kwenye vifusi, mwana wange."

Basi tukafanya kazi siku mbili. Chepe nilishika mimi, nisimsingizie mtu. Matofali mazima tukayapanga nyuma ya mibuni, udongo tukautandaza migombani, nyufa za mbele tukazikandika. Uani tulifagia mpaka kuku wakaogopa kukanyaga. Sebuleni tukatandika nyasi mbichi za kupokelea wageni.

Walikuja wawili, dada na kaka. Bibi akapiga magoti kuwasalimu, akawapa kahawa ya kutafuna na ndizi mbivu.

"Bibi, kwako pasafi!" dada akasema. "Tulikotoka tumekanyaga matope tu."

Bibi akacheka kwa raha.

"Tetemeko limekuumiza sana?" kaka akauliza.

"Tunamshukuru Mungu, tupo."

Hivyo ndivyo mtu mzima anavyojibu kwetu. Huanzi kumlilia mgeni ambaye hata kahawa hajaimaliza. Kaka akaandika. Nilidhani watazunguka nyuma waone. Hawakuzunguka. Wakaaga, wakapanda gari lao.

Majina yaliposomwa, la bibi halikuwemo. La jirani lilikuwemo, yeye aliyeangukiwa na jiko tu na vifusi akaviacha palepale. Nikaenda ofisini kwao mjini, nikamkuta yuleyule kaka.

"Fomu inasema nyumba imesimama."

"Imesimama mbele. Nyuma haipo!"

"Sasa mlificha ya nini?"

"Tulifagia! Kwani nyie kwenu hamfagii mkitembelewa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, na mtu anayenijua angeogopa.

Akakubali kurudi, ila akataka picha za uharibifu wenyewe. Siku aliyokuja, bibi alikuwa kanisani. Sikumngoja. Mvua zilishakaribia, na ubaridi wa turubai ulikuwa umempa kikohozi kisichoisha. Nikampitisha mgeni hadi chumbani mwa bibi, mahali ambapo hata baba yangu haingii bila kuitwa. Akapiga picha kitanda, godoro lililoloa, nguo zake kwenye kamba, hadi kopo lake la haja ndogo.

"Hizi ndizo tunazozitaka," akasema.

Ndizo wanazozitaka! Ukifagia huonekani, ukivuliwa nguo unajengewa.

Nyumba ikajengwa. Vyumba viwili, bati jipya, kuta imara. Mafundi walifanya kazi nzuri, hilo silikatai. Lakini siku ya kukabidhi walitundika bango kando ya mlango, kubwa kama shuka. Ni picha ya kile chumba cha bibi, na kila kitu kilichokuwemo. Chini yake pameandikwa maneno.

"Nisomee," bibi akaniambia.

"Hakuwa na kitu."

Bibi akalitazama. Akageuka akaitazama migomba, mibuni, kibanja alichokilima tangu alipoolewa. Kijiji kizima kilikuwa kinaangalia kopo lake.

"Aliwaingiza nani?"

"Mimi, bibi."

Nikavuta kiti, nikapanda kulichana lile bango. Mkubwa wa shirika akaja mbio.

"Kijana, acha! Wafadhili wako njiani. Ufunguo unatolewa hapo hapo mbele ya picha."

"Basi kaeni na ufunguo wenu! Na nyumba ibebeni!"

Bibi akanivuta pindo la shati.

"Shuka."

"Bibi, wanakudhalilisha hawa."

"Nimeona. Shuka. Mvua ikija, mimi ndiye ninayelala humo, si wewe."

Nikashuka, machozi yananitoka kwa hasira. Magari yakafika. Watu wakapiga makofi, kamera zikainuliwa. Bibi akaenda kusimama mbele ya bango, akafungua kitenge alichojitanda, akakitandaza ubavuni kwake kama anayetaka kukianika, kikafunika kopo na nusu ya kitanda. Alikuwa mfupi, zaidi ya hapo hakufikia.

Kwetu kitu hupokelewa kwa mikono miwili, hata kiwe punje ya kahawa. Bibi yangu alipokea ufunguo wa nyumba kwa mkono mmoja. Wa pili haukukiachia kitenge mpaka gari la mwisho likaondoka.